Siku mwanangu alipoitwa jina lake

Mwanangu amerithi jina la marehemu baba yangu, na kwa sababu hiyo sijamwita kwa jina hilo hata siku moja. Kwetu Amu, yaani Lamu, mtu hamtaji mzazi wake ovyo. Tangu azaliwe mimi namwita Baba. "Baba, ndoo ule." "Baba, vua viatu." Bibi yake, ambaye ni mamangu mzazi na mjane wa mwenye jina, humwita Bwana Mdogo, maana jina la mumewe halikupita midomoni mwake alipokuwa hai, seuze sasa. Mume wangu, kwa kumstahi mkwewe ambaye tunaishi nyumba moja naye, humwita Kepteni. Mpaka anatimu miaka minne mtoto alikuwa na majina matatu, na hakuna hata moja lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Sikuliona hilo kuwa tatizo mpaka Januari, shule zilipofunguliwa, nikawa nimesimama nje ya dirisha la darasa la PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, pamoja na wanawake wengine wanane au tisa, mabuibui yetu yakipeperushwa na kaskazi. Tuliambiwa twende nyumbani, hatukwenda. Mwalimu alikuwa akisoma rejista. Akaita jina, mtoto akaitika, akaita jingine. Kisha akaliita lile.

Mara ya mwisho kulisikia jina la baba likitamkwa kwa sauti namna ile ilikuwa kwenye kipaza sauti cha msikiti, siku yalipotangazwa maziko yake. Nilishika ukingo wa dirisha. Mwalimu akaita tena. Mwanangu alikuwa amekaa safu ya pili, shati jipya limemzidi mabega, anamtazama shomoro aliyeingia chini ya mabati. Hakuwa mkaidi, masikini. Hakujua kwamba ndiye anayeitwa.

"Hayupo?" mwalimu aliuliza, na kalamu yake ikashuka kwenye karatasi.

"Baba!" nikapiga kelele dirishani. "Itika, Baba!"

Darasa zima likageuka. Mwalimu naye akageuka, akatazama nyuma yangu, nadhani akitafuta mzee niliyekuja naye. Watoto wakacheka. Mwanangu aliponiona akainuka mbio kuja dirishani, kazi yote ya kumkalisha, iliyochukua nusu saa na biskuti mbili, ikaharibika pale pale.

Haikuwa rahisi kufika kwenye dirisha lile. Wifi yangu amempeleka wake shule ya kibinafsi, na kila Ijumaa wanapokuja kututembelea mtoto husimamishwa ukumbini akaimba rangi na siku za wiki kwa Kiingereza, na sisi tukapiga makofi. Mwanangu alikuwa akimtazama tu, kidole mdomoni. Karo ya huko ni elfu saba na mia tano kwa muhula, kabla ya sare, kabla ya chakula. Mimi nashona kwa mkono kofia za viua, yaani zile za vitundu vilivyodariziwa kwa uzi. Kofia moja, nikiifanya kama inavyotakiwa, hunila miezi miwili. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi usiku na haijawahi kubadilika.

Mume wangu hakuona la kujadiliwa. Yeye ni mvuvi wa kamba. Kaskazi ikituliza bahari hayupo nyumbani, yuko upande wa Kizingitini na Kiwayu. Nilimpigia simu. "Mimi nimesoma pale pale," akasema, "na chombo nakiendesha."

Mimi pia nimesoma shule ya serikali, si hiyo, na baadhi ya ninayoyakumbuka si ya kumtakia mtoto. Nakumbuka kibao cha mbao kilichotungwa kwenye kamba, ukivalishwa shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani. Ukishakivaa, kazi yako ni kumtafuta mwenzako aliyeteleza umvishe yeye, usije ukalala nacho. Nilikuwa darasa la nne. Nilijificha nyuma ya tangi la maji nikamsikiliza rafiki yangu akizungumza na dada yake mdogo, kisha nikatoka nikamvisha. Huyo rafiki tunaonana mpaka leo sokoni, na mpaka leo mimi ndiye humwahi kwa salamu.

Mamangu naye alikuwa na lake. Yeye hakusoma shule kabisa, alisoma chuo, yaani madrasa, na hadi leo huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri kushinda yangu. "Miaka minne!" alisema. "Wewe hukwenda shule mpaka una sita. Huyu ana haraka ya kwenda wapi?" Nilimweleza kwamba siku hizi mtaala ni wa umilisi, yaani mtoto hupimwa kwa anachoweza kufanya: miaka minne PP1, mitano PP2, sita gredi ya kwanza, na mtoto asiyepitia huko huja kukaa nyuma ya wenzake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama umilisi ni kumwamsha mtoto kabla ya jua.

Ukweli ambao sikumwambia ni kwamba nilikuwa nikitamani asubuhi moja tu ya kushona bila kuulizwa swali. Mtoto huyu huuliza. Kwa nini punda hana viatu? Mwezi ukianguka baharini utaelea? Nilikuwa nikiitamani asubuhi hiyo, na kadiri Desemba ilivyokwisha ndivyo nilivyozidi kuiogopa.

Orodha ya shule ilikuja: rimu moja ya karatasi, tishu za msalani roli mbili, kikombe cha plastiki chenye jina, picha mbili za pasipoti, na mchango wa uji. Elimu ya msingi bila malipo, ile ya 2003, ilianzia darasa la kwanza; wa nasari hawakuhesabiwa. Halafu Katiba ya 2010 ikaikabidhi chekechea kwa kaunti, shule ya msingi ikabaki kwa serikali kuu, kwa hivyo unaingia kwenye uwanja mmoja, lango moja, kengele moja, na serikali mbili. Bawaba ya mlango wa choo cha wadogo ilipong'oka niliuliza hii ni ya nani kutengeneza. Nikaelekezwa kwa mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wote walinijibu kwa adabu sana. Baba wa mtoto mmoja, seremala, akaja na bisibisi yake mfukoni, ikawa imekwisha.

Basi ile asubuhi ya kwanza. Mwalimu alitoka akatufukuza dirishani kwa upole, nikarudi nyumbani Langoni, nikapanda ngazi hadi juu, nikakaa mahali pangu chini ya dirisha. Ilikuwa saa mbili na robo. Nikachukua kofia. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia mamangu chini akichagua mchele, chembe za mawe zikigonga sahani. Nilisikia nyundo ya fundi wa jahazi mbali kule pwani, na punda aliyegoma njiani na mwenye punda akimtukana kwa majina ambayo sikujua kama huwa yanafika mpaka dirishani kwetu kila siku. Nilikuwa nimeshika vizuri, nimeshona viua vinne, uzi ukanikatikia. Nikanyoosha mkono bila kugeuka. "Baba, nipe uzi."

Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa hiyo: kukaa na kigurudumu cha uzi katikati ya nyayo zake, akivuta akinipimia. Mkono ukabaki hewani. Sikulia. Niliinuka nikautafuta uzi mwenyewe, nikauona chini ya mto pamoja na nusu ya biskuti aliyoificha. Niliporudi kwenye kofia nikaruka safu nzima, nikaja kugundua baadaye, nikafumua. Siku ile kazi haikusogea vidole viwili.

Wadogo hutoka saa sita. Saa tano na nusu nilikuwa langoni na niliwakuta wale wale wa dirishani. Kila mmoja alikuwa na sababu. Huyu alikuwa anapita kwenda sokoni, yule anachukua dawa, mwingine alidhani watoto hutoka saa tano. Mimi nilisema nimekuja kuuliza habari ya mchango wa uji.

Alhamisi ya wiki ya pili alirudi nyumbani asisalimie mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akateka kikombe akanywa, akateka cha pili akanywa, cha tatu kikamwagikia kifuani. Januari Amu ni joto, na darasa lenyewe ni la mabati. Nikamuuliza, huko shule hukunywa maji?

"Mwalimu anambiye mai hayapikwi shule."

Nikamwambia rudia. Akarudia, maneno yale yale. Mai, kwa asiyejua Kiamu, ni maji.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua nimeshaelewa: mwalimu amekiri kwamba hawachemshi maji, ndiyo maana hawapi watoto. Maji yetu ya mjini hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, na ni maji mazuri, lakini likija la kuhara hakuna anayeangalia kisima kilivyo kizuri. Kufikia alfajiri nilikuwa na hotuba kamili kichwani. Niliivalia na buibui langu jipya.

Mwalimu wetu ni msichana wa miaka kama ishirini na sita, ametoka Mpeketoni, kaunti hii hii ila upande wa bara, amepanga chumba hapa mjini. Nilimkuta anafagia darasa mwenyewe. Aliponiona akaegemeza ufagio. "Karibu, Mama Fulani," akasema, ila hakusema Fulani, alisema lile jina. Mwanamke wa watu amenifanya mama wa baba yangu. Nilikuwa bado sijalizoea hilo, na likanipunguzia hasira kidogo kabla sijaanza.

Nikaanza. Nikasema habari ya maji, na afya, na joto. Akanisikiliza, uso umemkunjamana, lakini si kwa kuudhika. Alikuwa anajitahidi kuelewa. Nilipomaliza akasema, "Lakini Mama, mtoto haombi maji. Kila siku saa nne anakuja kuniomba mayai. Nami namwambia vizuri tu: mayai hayapikwi shuleni, mama atakupikia nyumbani."

"Mayai?"

"Mayai. Ananiambia, mwalimu nataka mayai."

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kiti cha watoto, kikanibana pande zote mbili, na nikacheka mpaka machozi. Mwalimu naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Nikamweleza. Akaziba mdomo. Kisha akasema, "Ngoja. Na kila nikiwaonyesha maji yalipo, nikisema 'ndoo ile pale', yeye badala ya kwenda kwenye ndoo ananijia mimi."

"Kwetu ndoo ni njoo."

"Basi ndiyo maana."

Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Kulikuwa na ndoo ya maji safi mlangoni, ina mfuniko na bomba, na mwanangu ameipita siku tisa za shule na kiu yake. Kila akiambiwa ilipo anajipeleka kwa mwalimu kama alivyoitwa, anasimama mbele yake, na anaulizwa umekuja kufanya nini.

Mwalimu aligeuza jalada la rejista akachukua kalamu. Mai, akaandika. Ndoo. "Na ndaa?" Njaa. "Na nde?" Nje. "Aliniambia mato yaniuma. Nikasikia mtoto aniuma." Alinyamaza kidogo. "Nikamhamisha jirani yake kiti. Nikamkanya, kwamba watu hawaumwi."

Mato ni macho. Asubuhi jua la dirisha la mashariki lilikuwa likimpiga usoni, alikuwa analalamikia mwangaza. Yule jirani, mtoto wa askari polisi aliyehamishiwa hapa kutoka bara, alikuwa amekaa wiki nzima peke yake kwenye kona kwa kosa la kuuma mtu ambaye hakumuuma.

Nilirudi nyumbani na hasira yangu ile ile, sina pa kuiweka. Huyu msichana siwezi kumlaumu. Niliwahesabu watoto darasani mwake, nikafika arobaini na mbili, mmoja akahama, nikapoteza hesabu. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Ndicho alichofundishwa, akafanyia mtihani, akafaulu. Sera nayo haina kosa kwenye karatasi: kuanzia chekechea mpaka gredi ya tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Sasa lugha ya mahali petu ni ipi? Ni Kiswahili, kila mtu atakujibu, na atakuwa amesema kweli. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa kuchagua Kiswahili kipi kitumike vitabuni, wakakichukua cha Unguja. Kiamu, ambacho tenzi ngapi za kale zimetungwa kwacho, kikabaki cha jikoni na cha darini. Miaka karibu mia baadaye mtoto wa miaka minne anazungumza Kiswahili tangu tumboni, anaingia darasa la Kiswahili, na anakosa kikombe cha maji.

Na mimi ninayelalamika, naandika haya kwa Kiswahili cha 1928. Ningeandika kwa Kiamu, mngekuwa wangapi hapa?

Kuanzia siku ile kiu ilikwisha. Mwalimu alijifunza neno moja moja, na wakati mwingine alinisimamisha langoni kuniuliza. Neno "yeo" lilimpa taabu wiki nzima, mpaka nilipomwambia ni leo. Yule mtoto wa askari alirudishwa kiti chake. Walipatana haraka, kama watoto wanavyopatana, bila kuombana radhi. Siku moja nikiwa langoni nilimsikia akimwita mwanangu kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa lafudhi nzito ya bara, mikono mdomoni: "Ndoo! Ndoo upesi!" Mama yake, aliyekuwa amesimama kando yangu, akatazama huku na huku kutafuta ndoo.

Niseme na mazuri, maana yapo, na mengine sikuyatarajia. Huku kibinafsi kwa wifi yangu watoto ni wa ukoo mmoja na nusu. Hapa kuna wa wavuvi, wa askari, wa mama wauza viazi karai, wa waliokimbia bara na wa waliotoka visiwani kuja mjini. Aliletewa kazi ya nyumbani ya kukusanya vizibo vya soda kumi vya kuhesabia. Soda hatunywi sana, tukashuka maji yakiwa yamekupwa tukaokota kauri, na alizihesabu njia nzima kurudi, kila akifika saba anarukia tisa. Mwalimu alizikubali. Siku ya pili watoto watano walikuja na kauri, na mmoja alikuja na kaa aliye hai ndani ya mfuko.

Daftari lake la kwanza alilifungua kutoka nyuma, kama msahafu, kwa sababu chuoni ndivyo alivyozoeshwa, na akachora mistari yake kutoka kulia. Nilitazamia kuona alama nyekundu. Mwalimu alikuwa amelibandika karatasi ndogo ya mshale kwenye jalada, kuonyesha mwanzo ni wapi. Alasiri, akienda chuoni kwa mwalimu jirani, mshale ule haumhusu. Nilikuwa na hofu kwamba vitu viwili vitamchanganya kichwa. Mpaka sasa aliyechanganyikiwa ni mimi, kwa saa: shule asubuhi, chakula, usingizi, chuo, magharibi. Nikiangalia, muda wa kukaa na mimi umebaki ule wa kula na kuoga.

Halafu, mwishoni mwa Februari, tulikuwa tunarudi nyumbani kwenye kile kichochoro kinachopinda, punda watatu wakaja na mifuko ya mchanga. Kichochoro chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nikamvuta ukutani. "Baba, simama, punda wako ndiani."

Akasubiri punda wapite. Kisha akaniangalia, kwa huruma kabisa, akasema, "Mama, haisemwi ndia. Yasemwa njia."

Nilitaka kumbusu na kumfinya kwa pamoja. Alikuwa amesema kweli, na alilisema vizuri, ile "nj" imetoka safi kama ya mtangazaji wa redio. Miezi miwili nyuma alikuwa akikosa maji kwa sababu hajui, sasa anajua, ndicho nilichompeleka akakifuate. Lakini neno lile ndia nililitoa kwa mamangu, naye kwa mamake, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuambiwa amelikosea. Nilitembea hatua kadhaa nikimshika mkono, nikitafuta la kumjibu, na nililokuja kusema ni kwamba afunge kamba ya kiatu.

Nyumbani alimgeukia bibi yake. "Bibi, usiseme ndoo. Sema njoo."

Mamangu alikuwa anakanda unga wa mahamri. "Nikisema njoo utakuya upesi zaidi?"

Mtoto akafikiri. Akasema hapana.

"Basi ndoo ule."

Baadaye, mtoto amelala, mamangu aliniambia nisisumbuke. Alisema viatu vya shule ni vya shule, na kwenye mkeka wake mtu huvivua. Sijui kama ni rahisi hivyo. Kuna siku namsikia akicheza peke yake, gari la kopo mkononi, na maneno yanayomtoka ni ya shule yote, na kuna siku akiumia goti analia kwa Kiamu kitupu. Mimi mwenyewe nimejikuta nikisema njia mbele yake, bila kukusudia, ili nisisahihishwe. Hilo linaniudhi kuliko yeye.

Jina nalo amelichukua. Mwalimu anasema sasa huitika kabla hajamaliza kuitwa. Siku moja alinitangazia kwamba yeye haitwi Baba, na nikikosea kwa mazoea hunyamaza kimya mpaka nikumbuke, kisha ananihurumia anaitika. Lakini kulitamka sijaweza. Nimejaribu nikiwa peke yangu jikoni, limekwama. Kwa hivyo tumefikia mahali ambapo mtoto anasubiri aitwe jina lake na mama yake hana la kumwita, na mara nyingi nasema tu "wewe".

Jumamosi iliyopita, kabla ya magharibi, alikuwa anacheza shule pale barazani nje ya mlango. Alikuwa na wanafunzi wanne: binamu zake wawili, paka, na kikombe chake cha plastiki. Rejista ilikuwa kipande cha boksi, kalamu ni mkaa. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na kofia yangu, mamangu amekaa kizingitini na uteo mapajani, anachagua mchele.

Aliwaita binamu, wakaitika. Alimwita paka, akamwitikia mwenyewe. Aliliita jina la rafiki yake, yule mtoto wa askari, akasema huyu anaumwa na homa. Kisha akaliita lile jina.

Hakuna aliyeitika, maana mwenyewe ndiye mwalimu. Mkono wa mamangu ulisimama juu ya uteo. Akaliita tena, kwa sauti zaidi, kama anavyoitwa yeye.

"Hayupo, mwalimu," mamangu akasema, hakuinua macho.

Akamtazama bibi yake, akaitazama rejista, akatia alama kwa mkaa. "Basi mwambieni kesho aje mapema."